Tunapobadilika, tunawabadilisha na wenzetu bila kuwauliza

Mleta uzi:

Ndugu zangu, kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma simulizi za watu walioyabadili maisha yao, ama kwa kuacha pombe, kupunguza uzito, kurudi masomoni wakiwa watu wazima, au kujifunza kukataa maombi waliyokuwa wakiyakubali kwa kuona haya. Karibu kila simulizi hufika mahali pamoja. Msimulizi husema kwamba alipoanza kubadilika ndipo alipowatambua watu wake: marafiki walimkimbia, mwenzi wake akawa mkali, ndugu wakamsema, na yote hayo yalikuwa ushahidi wa husuda. Wasomaji humpongeza na kumsihi asigeuke nyuma. Mimi pia niliwahi kusimulia habari zangu kwa namna hiyo, na nilikuwa na hakika kwamba nasema kweli. Leo naleta hoja tofauti, ambayo imenigharimu kuifikia: anayeyabadili maisha yake huyabadili na maisha ya walio karibu naye, bila ridhaa yao, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita husuda ni mshtuko wa mtu aliyeondolewa mahali alipozoea kusimama.

Niliacha pombe miaka 6 iliyopita, baada ya kuinywa kwa miaka 12. Sitaeleza nilivyoacha, kwa kuwa si kiini cha uzi huu. Nitaeleza yaliyotokea nyumbani katika miezi ya kwanza. Wakati wote wa ulevi wangu, mke wangu alikuwa akilala usingizi wa mang'amung'amu akisubiri hodi yangu. Akiisikia huamka, huondoa komeo, hunitazama usoni ili ajue nimerudi katika hali gani, kisha hurudi kitandani bila kusema neno. Nilipoacha, nikawa narudi mapema na tunalala wakati mmoja. Katika wiki ile ya kwanza nilizinduka usiku nikaona upande wake wa kitanda ni mtupu. Nikatoka, nikamkuta amesimama mlangoni gizani, mkono wake uko juu ya komeo. Nilipomuuliza anafanya nini, alijibu, "Nilidhani umekuja." Nilikuwa nimelala ubavuni pake tangu saa tatu. Jambo hilo lilijirudia kwa takriban miezi 2, na mimi, badala ya kulielewa, nilikasirika, kwa sababu nililichukulia kuwa ishara kwamba haniamini.

Lililoniuma zaidi lilimhusu binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 9. Jioni moja niliketi sebuleni kwa makusudi ili nimsaidie kazi za shule. Akatoka chumbani na daftari lake la hesabu, akapita mbele ya kiti changu, karibu sana hata sketi yake ikagusa magoti yangu, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mama yake, ambaye alikuwa ameshika sufuria ya moto kwa mikono miwili, akasimama pale kusubiri mpaka sufuria itue. Nikamwita, nikamwambia alilete daftari kwangu. Kabla ya kunijibu alimtazama mama yake. Mke wangu akasema, "Mimi ndiye ninayejua mwalimu wake anavyotaka zifanyike." Nilimjibu maneno mabaya, ambayo siyarudii hapa. Nilikuwa nawaza kwamba huyu ndiye aliyenilaumu miaka yote kwa kutowajali watoto, na leo ninapowajali ananizuia.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba nilikuwa nadai nirudishiwe kiti ambacho nilikitelekeza mwenyewe, na ambacho yeye alikikalia kwa sababu hakuwapo mtu mwingine wa kukikalia. Katika miaka ile alijifunza kupanga matumizi peke yake, kuamua peke yake, kunisingizia ugonjwa kwa watu niliotakiwa kukutana nao, na kuwalea watoto kana kwamba ni mjane mwenye mume. Aliyafanya hayo kwa uchungu, lakini aliyafanya vizuri, na kwa kuyafanya akawa mtu fulani. Nilipozinduka na kuanza kuuliza fedha zimetumikaje, mimi niliona nawajibika. Yeye aliona anapokonywa.

Nilipata faraja kubwa niliposoma habari za Lois Wilson wa Marekani. Mumewe, Bill Wilson, alikuwa mlevi wa kupindukia aliyeacha pombe mwezi Desemba mwaka 1934, na mwaka uliofuata, yeye na daktari aitwaye Bob Smith wakaanzisha huko Akron, jimbo la Ohio, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, yaani Alcoholics Anonymous. Lois alikuwa ameolewa naye tangu mwaka 1918, na kwa miaka mingi aliamini kwamba upendo na juhudi zake ndizo zitakazomponya. Basi mume akapona, lakini mikononi mwa watu wengine. Siku moja Bill alipomhimiza afanye haraka wasichelewe mkutanoni, Lois aliokota kiatu akakirusha kwa hasira. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alishangazwa na hasira yake, kwa sababu kile alichokiomba kwa miaka yote kilikuwa kimetimia. Tafakari yake juu ya hali hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Al-Anon, chama cha jamaa za walevi, mwaka 1951. Natamani wote wanaoanza safari ya mabadiliko wakijue kiatu kile. Lois hakuwa na husuda wala hakutaka mumewe arudie pombe. Ila kazi aliyoipa maisha yake ilikuwa imekwisha ghafla, na hakuna aliyemwambia afanye nini baada ya hapo.

Tumezoea kudhani kwamba ni mabaya tu yanayowachosha watu. Mwaka 1967, madaktari wa akili Thomas Holmes na Richard Rahe walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja likiwa na alama kulingana na kiasi cha kujirekebisha linachomdai mtu. Kufiwa na mwenzi kulipewa alama 100 na talaka 73, na hayo hayashangazi. Lakini ndoa ilipewa 50, kupatana tena na mwenzi baada ya mfarakano 45, mafanikio makubwa ya mtu binafsi 28, na kubadili mazoea binafsi 24. Yaani hata heri humdai mtu nguvu. Niliporudi kuwa mume kamili, mke wangu alitozwa gharama ya mapatano ambayo watu wote waliokuwa wakitupongeza hawakuiona, nami nikiwa wa kwanza miongoni mwao.

Kiswahili chetu chenyewe kinalisema jambo hili, tukikisikiliza vizuri. Mtu akimwambia mwenzake "umebadilika", na asiongeze neno, karibu kila mara hiyo ni lawama. Tukitaka kusifu huchagua maneno mengine: umejirekebisha, umepona, umekomaa, umetulia. "Umebadilika" maana yake ni kwamba nilikuwa nakujua na sasa sikujui, nilikuwa na pa kukushika na sasa sipaoni. Zamani nilipoambiwa neno hilo nilijitetea. Siku hizi naona kwamba msemaji ananipa taarifa juu yake mwenyewe kuliko anavyonipa taarifa juu yangu.

Marafiki nitawagusa kwa ufupi. Nilikuwa na wanne wa kunywa nao, na mmoja tu ndiye aliyebaki. Mmoja wa walioondoka aliniambia nimewahukumu, ilhali sikuwa nimesema neno lolote juu ya unywaji wao. Nilimwona mwongo. Baadaye nikasoma utafiti wa Julia Minson na Benoît Monin uliochapishwa mwaka 2012, unaohusu namna walaji wa nyama wanavyowaona wasiokula nyama. Kadiri mtu alivyotarajia kwamba wasiokula nyama wangemwona hana maadili, ndivyo alivyowatathmini vibaya zaidi. Hukumu haikuwa imetamkwa na mtu. Ilitarajiwa tu, na ikajibiwa kabla haijaja. Rafiki yangu hakuwa mwongo. Kikombe changu cha chai mezani kilikuwa kinasema jambo ambalo sikukituma kulisema, na mimi sikuwahi kuketi naye nikamweleza kwamba niliacha kwa ajili ya afya yangu na watoto wangu, wala si kwa sababu nimejiona bora kuliko yeye.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Naamini kwamba anayebadilika anadaiwa kitu na walio karibu naye. Hadaiwi kurudi alikotoka, hata kidogo. Anadaiwa kuwaeleza anakokwenda na sababu yake, kuwauliza wanapoteza nini, na kuwavumilia kwa muda unaolingana na ule waliomvumilia yeye. Sikuyafanya hayo. Nilidhani kuacha pombe peke yake kumelipa deni lote, na nikawa nasubiri shukrani.

Naomba michango yenu, hasa ya wale waliokuwa upande wa pili, yaani waliobaki pale pale wakati mwenzao akibadilika.


Mchangiaji wa kwanza:

Shikamoo kaka, na asante kwa uzi uliotulia. Mimi ni kifunguamimba katika familia ya watoto saba, na mabadiliko yangu hayakuhusu kilevi chochote. Niliacha kuwa mtu wa kusema ndiyo. Kwa zaidi ya miaka 15, kila ndugu yangu alipokwama alinipigia simu mimi, nami nilitatua, hata kwa kukopa, na hata pale ambapo kukwama kwenyewe kulitokana na uzembe ulio wazi. Siku niliyokataa kwa mara ya kwanza, mdogo wangu wa tatu alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akauliza, "Dada, unaumwa?" Hakuweza kufikiria sababu nyingine.

Nilipokataa mara ya tatu, maneno yakaanza. Nikaambiwa ninaringa, nimeona nimefika, na shangazi mmoja akanikumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Niliumia sana, kwa sababu walikuwa wakizungumza kana kwamba asili yangu ni pochi. Naikubali hoja yako kwamba nao walishtuka. Swali langu ni hili: nitawaelezaje watu wanaonufaika na kutoelewa? Kila nilipoeleza, maelezo yangu yaligeuzwa kuwa kikao, na kila kikao kiliishia kwa mimi kuombwa mara moja ya mwisho.


Mleta uzi:

Marahaba dada yangu. Swali lako linanikumbusha kwamba niliandika kuhusu maelezo kana kwamba siku zote hupokelewa na mtu mwenye nia njema. Kuna tofauti kati ya kueleza na kuomba kibali. Ukieleza ili ukubaliwe, msikilizaji ataona kwamba jambo bado halijaamuliwa, na kwa haki kabisa ataendelea kulijadili. Maelezo ninayoyakusudia ni ya mtu aliyekwisha kuamua, anayewaambia wenzake mapema ili wasitegemee kisichokuwapo: kuanzia sasa sitakopa kwa ajili ya mtu mwingine, nitachangia ugonjwa na msiba, wala sitachangia biashara. Husemwa mara moja kwa upole, na baada ya hapo hufuatwa na vitendo vinavyofanana navyo kila mara.

Neno "kila mara" ni zito kuliko linavyoonekana. Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake huko London, uliochapishwa mwaka 2010, watu 96 walichagua kila mmoja tendo dogo la kurudia kila siku, na ikakadiriwa kwamba tendo lilizoeleka kiasi cha kufanyika lenyewe baada ya siku 66 kwa mtu wa katikati, huku tofauti zikianzia siku 18 hadi siku 254. Ikiwa mwenye nia na hiari huhitaji muda huo kuzoea jambo dogo alilolichagua mwenyewe, basi ndugu zako, ambao hawakuchagua chochote, watahitaji mrefu zaidi. Na ukikataa mara tatu kisha ukakubali ya nne, watakuwa wamejifunza kwamba mlango wako hufunguka kwa kugongwa mara nne.

Ule ukimya wa mdogo wako kwenye simu umenigusa. Swali lake halikuwa la kejeli. Alikuwa na hofu ya kweli kwamba dada aliyemjua ameondoka.


Mchangiaji wa pili:

Ndugu mleta uzi, nakuheshimu, lakini nadhani unawatetea watu wengine kuliko wanavyostahili. Niliporudi masomoni nikiwa na miaka 38, mume wangu alinipongeza mbele za watu. Ndani ya nyumba, kila mtihani ulipokaribia lilizuka jambo. Mara alipata safari ya ghafla na watoto wakabaki bila mtu wa kuwachukua shuleni. Mara alichelewa kurudi na kompyuta tuliyokuwa tukiitumia wote wawili. Usiku mmoja kabla ya mtihani wa mwisho alianzisha ugomvi kuhusu jambo la miaka 10 iliyopita na hakuuacha mpaka saa nane. Nilimweleza, nilimuuliza anapoteza nini, nilimvumilia. Alijibu kila mara kwamba hana tatizo lolote. Unisamehe, huo haukuwa mshtuko wa mtu aliyeondolewa mahali pake. Yalikuwa mapambano, na aliyekuwa akipambana alikuwa mmoja tu, mwingine alikuwa anasoma. Nilihitimu, na sasa tunaishi mbalimbali.


Mleta uzi:

Dada, nimeusoma mchango wako mara kadhaa kabla ya kujibu, nami nakubali kwamba uzi wangu ulikuwa na upungufu mahali hapo.

Daktari wa akili Murray Bowen, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa tiba ya familia, alieleza kwamba mmoja katika familia anapoanza kusimama kwa msimamo wake, wengine humjibu kwa hatua zinazofuatana: kwanza humwambia anakosea, kisha humtaka arudi kama alivyokuwa, na asiporudi humweleza yatakayompata. Mwenzake katika fani hiyo, Don Jackson, alikwisha kuandika mwaka 1957 kwamba familia hujirudisha katika mizani yake, na kwamba mgonjwa anapopata nafuu, wakati mwingine mwingine wa nyumba hiyo huanza kuugua. Nilizoea kuyasoma maelezo hayo kama faraja: upinzani ni jambo la kawaida, subiri utapita. Mchango wako unanionyesha kwamba kitu kinaweza kuwa cha kawaida na bado kikamdhulumu mtu.

Tofauti ninayoiona, na nakuomba unisahihishe nikikosea, iko katika majibu ya swali. Mke wangu alipoulizwa hatimaye anapoteza nini, alilia, akasema. Mumeo alipoulizwa, alikana kwamba kuna lolote, kisha akaendelea kutenda. Anayekiri hasara yake unaweza kuitafutia dawa pamoja naye. Anayeikana huku akikuwekea vikwazo amekunyima hata nafasi ya kumwonea huruma. Ulilipa deni lote ninalolizungumzia, na zaidi. Sioni ulichobakiza.

Niongeze kwamba si kila kuachana kunakofuata mabadiliko kuna mkosaji. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ukakuta kwamba waliokuwa na wenzi waliachana zaidi kuliko wale waliolinganishwa nao, na waliokuwa wapweke walioa, kuolewa au kupata wenzi wapya zaidi. Mwili ule ule uliopungua uliwafungulia wengine mlango wa kuingia, na wengine wa kutoka.


Mchangiaji wa tatu:

Uliomba sauti ya upande wa pili, nami nimesita siku mbili kabla ya kuandika, kwa sababu malalamiko yangu yataonekana ya aibu. Mume wangu hakuwa mlevi wala hakuwa na kosa lolote. Miaka mitatu iliyopita daktari alimwambia shinikizo la damu lake limepanda, akaamua kuyabadili maisha yake. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia na analala saa tatu usiku. Amepungua, amepona, kila anayemwona anamsifu, nami namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, kwa dhati.

Lakini sisi tulikuwa watu wa usiku. Kwa miaka 17, watoto wakishalala, tulikuwa tukiketi ukumbini na taa moja, yeye kwenye kiti chake na mimi nimekunja miguu kwenye kochi, tukizungumza mpaka saa sita, wakati mwingine saa saba. Mambo yote makubwa ya maisha yetu yaliamuliwa saa zile. Sasa saa tatu ananiaga, na mimi nabaki na taa. Nilijaribu kuamka naye alfajiri nikakimbie pia, goti likanikatalia. Nikimwambia namkosa, ananijibu, "Si unaniona hapa?" Nikisema zaidi, ataona nataka arudi kuwa mgonjwa. Basi nimenyamaza, na nimeanza kumchukia yule mtu anayevaa viatu vya kukimbia, ambaye ni mume wangu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili.


Mleta uzi:

Dada yangu, hakuna aibu hata kidogo katika ulichokiandika. Hiki ndicho nilichoshindwa kukieleza vizuri katika bandiko la kwanza. Umefiwa na saa zile. Hakuna aliyekuja kukupa pole, kwa sababu kilichoziua saa hizo ni jambo jema.

Kuna utafiti wa Nicholas Christakis na James Fowler wa mwaka 2008, uliofuatilia mtandao wa watu 12,067 kwa miaka 32, tangu 1971 hadi 2003, kuhusu uvutaji wa sigara. Mmoja wa wanandoa alipoacha, uwezekano wa mwenzake kuwa mvutaji ulipungua kwa asilimia 67. Takwimu hiyo hurudiwa sana, na ni ya kutia moyo. Ila kuna jambo jingine walilolikuta ambalo halirudiwi mara nyingi: kadiri miaka ilivyokwenda, wale walioendelea kuvuta walijikuta pembezoni zaidi mwa mtandao wa watu wao. Wewe huna kosa wala kilevi, lakini nahisi unakifahamu hicho kiti cha pembezoni, na umekiwekewa ndani ya nyumba yako.

Sikushauri umwombe arudi kulala saa sita. Nakushauri umwambie habari za ile taa, kwa maneno haya haya uliyotuandikia sisi, usiyapunguze. Ukimwambia "nakukosa" anatafuta mwili wake anauona upo, ndiyo maana anakujibu hivyo. Akisikia kuhusu kiti chake, kochi na mambo makubwa yaliyoamuliwa pale, atajua kilichopotea ni kitu gani, na huenda yeye pia anakikosa bila kukipatia jina. Halafu mtafute pamoja saa nyingine, iwe mchana wa siku ya mapumziko au jioni kabla ya usingizi wake, na ikubalike tangu mwanzo kwamba haitafanana na ile ya zamani. Mimi na mke wangu tulichagua nusu saa kila jioni ya kupitia pamoja mambo ya nyumba, yeye akiwa mwenyekiti. Kwa mwaka mzima nilikuwa naeleza nilichokifanya, naye ndiye aliyeamua, na kidogo kidogo alinikabidhi jambo moja, kisha la pili. Hesabu za binti yetu zilikuwa la nne. Nakumbuka siku hiyo kwa sababu mtoto alikuja na daftari, akasimama katikati ya ukumbi akitutazama wote wawili, na mama yake akanyoosha kidole kwangu bila kuinua macho kwenye kazi aliyokuwa akiifanya.


Mchangiaji wa tatu:

Nimekisoma mara tatu. Nitajaribu keshokutwa, siku ambayo haendi kukimbia. Nitamsomea nilivyoandika hapa, maana nikianza kusema kwa mdomo nitalainisha.


Mleta uzi:

Tuko pamoja nawe, dada, na utuambie itakavyokuwa kama utapenda.

Nina sahihisho moja kwa wote mliosoma bandiko la kwanza. Jana usiku nilimpa mke wangu uzi huu ausome, kwa kuwa nimeandika habari zake na ni haki yake kuziona. Aliusoma wote kimya, akarudi juu kwenye aya ya pili, akaniambia nimekosea mahali pamoja. Niliandika kwamba aliamka kwenda mlangoni kwa takriban miezi 2. Anasema ilikuwa karibu mwaka mzima. Baada ya ule mwezi wa pili, alipoona ninavyokasirika, alijifunza kushuka kitandani bila kuniamsha.